Muhuri wa Kaa

Boti mbili za uokoaji zilikuwa zimeshapita chini ya genge la mawe mara saba tangu kulipokucha, na mara zote saba zilirudi mikono mitupu. Sajini Dimitra Halkias alisimama kwenye roshani ya mbao ya Rasi Hollin, kola ya koti kaipandisha mpaka masikioni, akitazama mawimbi yakipasuka juu ya miamba mita themanini chini yake. Upepo ulivuma kutoka kusini, upande ambao hakuna nchi nyingine mpaka ufike kwenye barafu.

Konstebo Neville Tupper alimjia na vikombe viwili vya chai. Alikuwa mtu wa hapohapo, miaka hamsini na saba, na alishawahi kuwatoa watu sita kwenye maji yale, wote wakiwa wamekufa.

"Mkuu wa msako anasema saa kumi anafunga," alisema. "Kwa hali hii ya bahari, simlaumu."

"Mpaka sasa wamepata nini?"

"Kofia ya mvuvi na boya. Hakuna kingine."

"Mume yuko wapi?"

Tupper alielekeza kidevu kwenye maegesho. Karavani nyeupe, ile nyumba ndogo ya magurudumu ambayo wazee waliostaafu huikokota nyuma ya gari kuzunguka nchi nzima, ilikuwa imeegeshwa sawasawa katikati ya mistari. Pazia la dirisha lilikuwa limefungwa.

"Amekula mayai mawili na nyama asubuhi hii," Tupper alisema. "Nimempikia mimi mwenyewe. Akaomba na mkate wa kufutia sahani."

Sajini Halkias alimaliza chai yake, akaenda kugonga mlango wa karavani.

Royce Marrable alikuwa na miaka sitini na moja, mwuza vipuri vya matrekta mstaafu kutoka Ballarat, mtu mpana mwenye ndevu zilizochongwa vizuri. Alimkaribisha ndani, akamfutia kiti kwa kitambaa. Kila kitu mle kilikuwa mahali pake. Viatu vya mkewe vilikuwa vimepangwa chini ya kitanda, visigino vikitazama ukutani.

"Bwana Marrable, nakuomba unisimulie tena. Jumamosi na jana."

"Nilishamweleza konstebo."

"Nieleze na mimi."

Akaeleza. Jumamosi walipita kwenye Bustani ya Shimo kule Merrin, wakala chakula cha mchana, kisha wakaendesha moja kwa moja mpaka Port Ellery kwenye Kaa Mkubwa. Wakafika saa tisa na nusu alasiri. Wakalala njiani kwenye kituo cha mapumziko cha kando ya barabara. Jumapili saa nne asubuhi wakafika hapa Rasi Hollin. Yeye alijilaza kidogo kwa sababu ya mgongo. Glenys alichukua kamera akaenda kwenye roshani. Alipoamka saa sita kasoro, mke hakuwepo.

Halkias alikuwa na maelezo ya jana yaliyoandikwa na Tupper, ameyaweka mapajani. Aliyafuata kwa kidole mtu yule akizungumza. Hakuna neno lililoongezeka wala lililopungua.

"Mlikuwa mnapita kila penye kitu cha kutazama?"

"Glenys ndiye aliyetaka. Alikuwa katibu wa shule miaka thelathini, hakwenda popote. Alipostaafu akasema anataka kuviona vyote, Vikubwa vya Barabarani. Kasuku Mkubwa, Chupa Kubwa, Kiatu Kikubwa. Takataka za plastiki zimesimamishwa kando ya njia, lakini yeye alivipenda." Akavuta droo. "Chukua, tazama mwenyewe. Kila tulipopita ameweka muhuri."

Kilikuwa kijitabu chembamba, aina ile inayogawiwa kwenye maduka ya watalii. Kila ukurasa ulikuwa na picha ya kivutio kimoja na duara tupu la kugongea muhuri. Chini ya kila muhuri Glenys Marrable alikuwa ameandika kwa penseli, herufi ndogo zilizonyooka.

*Pai ya kuku, chumvi nyingi mno. Mvua.*

*Keki ya limau. Royce kakataa kushuka garini.*

*Chai tu. Kasuku amepauka lakini macho yake mazuri.*

Halkias alifunua taratibu. Ukurasa wa Bustani ya Shimo ulikuwa na muhuri wa zambarau umekaa katikati ya duara, na chini yake maneno haya: *Supu ya maboga. Mlezi wa bustani mcheshi. Kisha Jicho.*

Ukurasa wa Kaa Mkubwa ulikuwa na muhuri wa kijani, umepinda, miguu ya kaa ikitazama juu. Chini yake hapakuwa na neno. Ukurasa wa Rasi Hollin nao ulikuwa na muhuri bila neno.

"Hii 'kisha jicho' ni nini?"

"Jicho lake la kushoto," Royce alijibu hapohapo. "Lilikuwa linamsumbua tangu wiki iliyopita. Alitaka kutia dawa kabla hatujaondoka Merrin."

"Akatia?"

"Akatia. Ndani ya gari."

"Pole. Naomba kijitabu hiki nikae nacho kidogo."

"Utanirudishia? Ni kumbukumbu yake."

"Nitakurudishia."

Alipofika mlangoni, mtu yule akamwuliza msako utaendelea mpaka lini. Halkias alimwambia mpaka saa kumi. Royce aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyetajiwa saa ya basi.

"Basi kesho nitaweza kuondoka," alisema.

Nje, upepo ulimfunga Halkias kinywa mpaka alipofika nyuma ya gari la polisi. Alimwomba Tupper orodha ya vitu vilivyokutwa kwenye mkoba wa Glenys na kwenye kabati la bafuni. Akaisoma mara mbili. Vidonge vya shinikizo la damu. Mafuta ya midomo. Plasta. Kitana. Sindano na uzi.

"Dawa ya macho iko wapi?"

"Haipo," Tupper alisema. "Kwani alikuwa anaumwa macho?"

"Mume anasema hivyo." Akakunja karatasi. "Nev, naenda kurudi nyuma kituo kwa kituo. Wewe kaa na huyu bwana. Mpigie stori za uvuvi. Asiwashe gari."

"Unamshuku?"

"Mtu akinisimulia msiba wake mara mbili bila kukosea hata neno moja, huwa napata wasiwasi kidogo."

"Mimi mke wangu akipotea sitakumbuka hata nilivaa nini."

"Ndiyo maana nakuachia wewe ukae naye," Halkias alisema, akaingia garini.

*

Kaa Mkubwa wa Port Ellery alionekana kilomita mbili kabla hujafika. Alikuwa wa rangi ya machungwa, mrefu kama nyumba ya ghorofa tatu, miguu yake minane imepita juu ya maegesho, na gando moja limeinuliwa kana kwamba anataka kuling'oa wingu. Siku ya Jumatatu ya Julai, katikati ya majira ya baridi, hapakuwa na gari lolote chini yake. Kebo moja iliyolegea ilikuwa ikipigapiga tumbo lake la plastiki, na sauti ile ilisikika mpaka barabarani.

Kwenye kibanda kati ya miguu ya nyuma alikaa mama mmoja mnene aliyevaa sweta mbili. Kibao kifuani kilimtaja kuwa Noelene.

"Karibu, mpenzi. Kumpiga picha ni bure, kumkwea ni marufuku. Kuna Mjerumani alimkwea mwaka juzi, mpaka leo anatembelea magongo."

Halkias alimwonyesha kitambulisho. Noelene aliweka chini kikombe chake.

"Ni yule mama wa Rasi Hollin? Tumesikia redioni. Bahari ile haina adabu."

"Walipita hapa Jumamosi, saa tisa na nusu. Unawakumbuka?"

"Jumamosi alasiri nilikuwa na basi zima la wazee wa kanisa. Siwezi kukuapia." Noelene aliangalia picha ya Glenys aliyoonyeshwa, kofia nyekundu ya sufu, meno ya mbele yameachana. "Uso mzuri. Huyu ningemkumbuka. Huyu angenunua sandwichi."

"Muhuri wako uko wapi?"

Ulikuwa umefungwa kwa mnyororo kando ya dirisha, na kidau cha wino pembeni yake. Halkias aliugonga nyuma ya karatasi yake. Kaa akatoka wa kijani. Akafungua kijitabu, akaulinganisha. Kijani kilekile, kilichokolea, bado kibichi.

"Unatumia kijani siku zote?"

"Wapi. Kaa gani wa kijani? Siku zote ni nyekundu. Kidau chekundu kilikufa Jumamosi. Wale wazee wa kanisa walikikamua mpaka tone la mwisho, wa nyuma wakapata kaa mweupe, wakanilalamikia kama mimi ndiye niliyemuumba. Nikafunga saa kumi. Usiku nikatafuta nyumbani, nikapata hiki cha kijani alichokuwa nacho binti yangu tangu shule. Nimekileta jana asubuhi."

"Jana. Jumapili."

"Jumapili, saa mbili kamili. Mimi ndiye niliyekifungua nailoni yake."

"Una uhakika Jumamosi hakuna mtu aliyepata kijani?"

Noelene akainama, akatoa daftari la wageni lenye jalada lililoloa mafuta. Lilikuwa limejaa majaribio ya watoto na wazee, mihuri kila pembe. Chini ya tarehe ya Jumamosi kaa walikuwa wekundu, kisha wa waridi, kisha alama tupu za mpira kwenye karatasi. Chini ya Jumapili mistari ilianza upya kwa kijani.

Halkias alilipiga picha daftari ukurasa kwa ukurasa. Alifanya hivyo bila haraka, akiweka rula ya mbao pembeni kama alivyofundishwa.

"Jana asubuhi, nani alikuwa wa kwanza kugonga?"

Mama yule aliacha kutabasamu. Alitazama nje, kule ambako magari huegeshwa.

"Kulikuwa na bwana," alisema. "Nilikuwa hata sijawasha jiko. Mwenye ndevu, na karavani nyeupe. Akaja moja kwa moja hapa dirishani, akagonga kijitabu chake, akakifunga. Alikigonga miguu juu, nikamwambia, 'Bwana, umempindua kaa wangu, atakufa.' Hakucheka. Nikamwuliza, uko peke yako? Akasema mke yuko ndani, kichwa kinamwuma. Nikamwambia mlete, Kaa anaponya vichwa. Akaniambia amelala."

"Ulimwona huyo mke?"

"Pazia lilikuwa limefungwa." Noelene alikunja mikono juu ya sweta zake. "Unajua, mpenzi, miaka kumi na tisa niko hapa. Wanakuja walevi, wanakuja wenye haraka, wanakuja wasiopenda. Wote wanainua macho. Hata mbwa huinua macho. Yule bwana hakumtazama Kaa hata mara moja."

Halkias alifunga kijitabu. Kebo iliendelea kupiga juu yao.

"Nikuulize jambo la mwisho. Glenys aliandika chini ya muhuri wa Merrin, 'Kisha Jicho.' Neno hilo lina maana yoyote kwako?"

"Jicho? Mimi mtu wa pwani," Noelene alisema. "Kule kwenye mashimo muulize Alby. Alby Fenner wa bustani. Na ule kitu kwanza, umekuwa mweupe."

"Nitakula nikirudi," Halkias alisema.

*

Kutoka Port Ellery mpaka Merrin ni kilomita sabini, barabara iliyonyooka kati ya misonobari iliyopandwa kwa safu. Nchi ile yote ni mawe ya chokaa chini, na chini ya mawe kuna maji. Hapa na pale ardhi imedidimia na kuacha shimo la mviringo lenye kuta zilizosimama wima. Mengine yana upana wa uwanja wa mpira, mengine mtu huyaruka. Watu wa Merrin walipanda maua kwenye moja, wakajenga ngazi za mawe, wakaweka kibanda cha supu.

Mle shimoni kulikuwa kimya baada ya upepo wa juu. Mizabibu ilining'inia kutani kama nywele zilizoloa. Alby Fenner, mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alikuwa akifagia majani.

"Kofia nyekundu," alisema mara alipoiona picha. "Alinisaidia kupalilia kitanda cha waridi. Nilimwambia aache, akasema amekaa garini wiki tatu, mikono inamwasha."

"Jumamosi saa ngapi?"

"Alimaliza supu kama saa saba na nusu. Akaniuliza kuna nini kingine cha kusimama kutazama. Kisiwe cha plastiki, akasema. Kitu chenyewe hasa. Nikamwambia basi nenda kwenye Jicho."

Halkias alifungua kijitabu kwenye ukurasa wa Merrin.

"Jicho gani?"

"Jicho la Kondoo. Shimo lililoko kwenye shamba la Vern Oatley, kilomita sita hivi kutoka hapa. Juu ni dogo, chini ni kubwa, kama chungu. Jua likisimama unaona maji ya buluu huko chini kabisa. Halimo kwenye vijitabu. Vern ameweka kibao cha mkono tu barabarani, na uzio wa waya."

"Mume wake alikuwa wapi ulipokuwa ukimweleza?"

"Hapo." Alby alionyesha ngazi kwa ufagio. "Ngazi ya tatu. Nilidhani amechoka, maana siku nzima hakutia neno. Kisha akaniuliza swali moja."

"Lipi?"

Alby Fenner akavua miwani, akaifuta kwa shati, akairudisha. Ilionekana kwamba alikuwa amelifikiria swali lile kabla ya leo, akaliacha.

"Aliniuliza kina chake ni kiasi gani."

"Ukamjibu?"

"Nilimwambia hakuna aliyewahi kupima. Mama, samahani. Redio ilisema baharini. Ilisema Rasi Hollin. Nilijua alifika huko salama."

Halkias alikuwa ameshaanza kupanda ngazi. Alitazama saa. Ilikuwa saa saba na dakika kumi.

Kwenye redio ya gari alimwita Tupper. Mawimbi ya sauti yalikwaruza kisha yakatulia.

"Nev, ondoka karibu na karavani halafu unijibu."

Akasikia nyayo juu ya kokoto. "Sema, Sajini."

"Glenys hakufika Kaa Mkubwa. Mume aligonga muhuri mwenyewe Jumapili asubuhi. Kwenye roshani ya hapo hakuna mtu aliyemwona mwanamke?"

"Hakuna. Kuna wapanda baiskeli wawili walioona karavani. Mtu hawakumwona."

"Nataka timu ya uokoaji ya kamba ije shamba la Oatley, nje ya Merrin. Na daktari. Kwa simu, Nev, si kwa redio ya wazi. Boti ziache ziendelee."

"Daktari wa aina gani?"

"Wa watu walio hai," Halkias alisema. "Mpaka tutakapojua vingine."

*

Kibao cha Jicho la Kondoo hakikuwepo. Palikuwa na nguzo tu, na tundu mbili za misumari ambazo ndani yake mbao ilikuwa bado nyeupe. Halkias aligeuka, akafuata njia ya vumbi mpaka kwenye banda la kunyolea kondoo. Mzee mrefu alitoka na kisu cha kuchunia mkononi. Mbwa alikuwa akibweka ndani ya banda, kubweka kwa mbwa aliyebweka muda mrefu mpaka koo limekauka.

"Pamefungwa," mzee alisema. "Hujaona kibao hakipo?"

"Nani amekitoa?"

"Mimi. Jana. Ni shamba langu."

"Weka kisu chini, Bwana Oatley. Polisi."

Alikitazama kisu kama aliyesahau kuwa anacho, akakichomeka kwenye gogo. Halkias hakusogea mpaka mzee alipopiga hatua tatu mbali nacho.

"Kwa nini ulikitoa jana?"

"Uzio umefunguka. Kangaruu wameupiga teke. Nikasema kabla mtalii hajatumbukia nikaburuzwa mahakamani, bora nitoe kibao mpaka nipate waya."

"Jumamosi alikuja nani?"

"Sikuwepo. Nilikuwa mnadani na kondoo, muulize mtu yeyote."

"Na mbwa anabwekea nini?"

Vern Oatley aligeuza uso pembeni. "Tangu Jumamosi jioni haondoki kwenye lile shimo. Nimemfungia. Kuna mizoga kule chini, enzi za baba yangu kondoo akifa walimtupa humo. Nikadhani harufu imempanda kichwani."

"Nipeleke."

Walitembea dakika kumi kwenye majani mafupi yaliyoliwa na kondoo. Usingeweza kuliona shimo mpaka ulikanyage. Ardhi ilikuwa tambarare, kisha ghafla haikuwepo, na pale ilipokosekana palikuwa na giza la upana wa chumba. Kuzunguka palikuwa na nguzo na waya tatu. Upande mmoja waya zote zilikuwa zimefunguliwa.

Halkias alichutama kwenye nguzo. Waya hazikukatika. Zilikuwa zimetolewa kwenye ndoano zake moja moja, zikaviringishwa, zikaning'inizwa vizuri juu ya nguzo ili zisimkwaze mtu.

"Kangaruu haviringishi waya," alisema.

Mzee alitazama, akatazama tena. Alikaa chini kwenye majani bila kuambiwa.

Karibu na ukingo palikuwa na alama za viatu vya aina mbili, zilizokaushwa na upepo. Vidogo vilisimama sambamba, vidole vikitazama shimo, kama mtu anayepiga picha. Vikubwa vilisimama nyuma yake. Vikubwa vilirudi. Halkias alizifunika kwa koti lake, akaliwekea mawe kwenye pembe, kisha akalala kifudifudi hatua tatu pembeni na kujivuta mpaka kichwa kikatokeza juu ya shimo.

Ubaridi ulimpiga usoni, na harufu ya mifupa ya zamani. Aliteremsha tochi kwa uzi wa kupimia. Kuta ziliingia ndani, zikipanuka. Ukoka. Mawe yenye utelezi. Chini sana, maji, hayana rangi yoyote sasa. Kitu chekundu kilielea juu yake, kidogo, kimetulia. Kofia ya sufu.

"Glenys," aliita. "Glenys Marrable. Mimi ni polisi."

Shimo lilimrudishia sauti yake, mara mbili, kisha likakaa kimya. Nyuma yake alimsikia mzee akinong'ona jambo ambalo halikuwa la kumwambia yeye. Aliita tena. Akasubiri. Alijihesabia mpaka mia moja, kwa sababu ndivyo alivyokuwa amewafundisha wengine wafanye, na alipofika themanini na kitu akasikia jiwe likigonga jiwe.

Mara tatu. Likanyamaza. Mara tatu tena.

Aliisogeza tochi kuelekea sauti ile. Mita kama kumi chini, chini ya ukingo uliobenuka, palikuwa na ubao wa mwamba uliochomoza kutoka ukutani, usiozidi upana wa kitanda. Juu yake koti nene la buluu lilikuwa limekunjamana dhidi ya ukuta, na kutoka kwenye koti ulitoka mkono ulioshika jiwe.

"Vern," Halkias alisema bila kugeuka. "Kimbia ukalete kamba, blanketi na chai yoyote uliyo nayo. Usiteremke. Timu inakuja. Kimbia."

Mzee alikimbia. Kule bandani mbwa alianza tena.

"Glenys, nakuona. Usisogee. Umeumia wapi?"

Sauti iliyopanda ilikuwa nyembamba na kavu, lakini maneno yalinyooka. "Mguu. Na mbavu nadhani. Kuna tone la maji linadondoka hapa. Nimekuwa nikilinywa."

"Umefanya vizuri sana. Watu wenye kamba watafika ndani ya nusu saa. Mimi sitoki hapa."

"Leo siku gani?"

"Jumatatu."

Halkias aliona ule mkono ukiliweka jiwe chini polepole.

"Alisubiri," Glenys alisema. "Baada ya kunisukuma. Alisimama hapo juu, muda mrefu, ananiita kwa jina. Kwa upole. Nilitaka kujibu, mguu ulikuwa unaniuma mno. Nikajivuta mpaka ukutani, nikaziba mdomo kwa kofia asinisikie, ikaniponyoka. Nadhani aliiona ikielea, ndipo akaondoka." Akavuta pumzi, na pumzi ile ilimkwama katikati. "Yuko wapi?"

"Yuko Rasi Hollin. Ametuambia umeanguka baharini."

"Anajua mnanitafuta huku?"

"Hajui."

"Basi msimwambie," sauti ilisema. "Nakuomba, mama. Msimwambie mpaka nitoke."

Vern Oatley alirudi na kamba, anahema. Halkias aliifunga chupa ya chai ndani ya blanketi, akaishusha mkono kwa mkono mpaka uzito ukaondoka kwenye vidole vyake na akajua imepokewa. Redio kiunoni ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya Tupper, naye alikuwa akiongea kwa adabu isiyo ya kawaida yake, kwa hiyo Halkias alijua kuna mtu amesimama karibu naye.

"Sajini, Bwana Marrable anauliza kama kuna habari yoyote. Na kama anaweza kuanza kufunga vitu vyake."

Halkias alitazama chini. Mwanga wa tochi ulionyesha uso mweupe ulioinuliwa, unasikiliza.

"Mpe pole," alisema kwenye redio. "Mwambie bado tunamtafuta baharini. Mwambie mkuu wa msako ameongeza saa mbili, na kwamba tunamhitaji abaki hapo atuonyeshe tena mahali aliposimama mkewe. Umenipata, Nev?"

Kulikuwa na upepo kwenye redio, kisha mlango wa gari ukifungwa, kisha sauti ya Tupper, ya chini sana sasa.

"Nimekupata, Sajini. Namtilia chai nyingine. Funguo zake ninazo mimi."